Mageni na mashine isiyotakiwa kuganda

Saa nane mchana, Oktoba hii ya 1999, Shinyanga inachoma. Ndani ya duka la redio la Dhaval, Mageni Luhende hatulii. Anaizunguka kompyuta aliyoiunda mwenyewe, anagusa bamba la kupozea prosesa, anatazama gari la mchezo likikimbia kwenye kioo, kisha anazunguka tena.

"Kaa basi, Mama Adam, unanitia kizunguzungu," anasema Dhaval, mwenye duka.

"Nitakaa saa kumi na moja."

Hiyo ndiyo saa ya hukumu. Prosesa hiyo imetengenezwa kwenda megahezi 300. Mageni anaikimbiza 450. Mchezo ukienda kutwa bila kuganda, Dhaval atampa kona ya duka aunde kompyuta za kuuza, na hii ya kwanza tayari ina mteja Geita. Ukiganda, anarudi barazani kutengeneza redio, kazi inayompa kama shilingi 30,000 kwa mwezi, na ana watoto watatu.

Mageni, 34, alikuwa mpiga chapa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba hadi alipopunguzwa kazini mwaka 1996. Kuunda kompyuta alijifunza kwenye jarida kuukuu la Kiingereza aliloachiwa na fundi wa kambi ya utafiti wa dhahabu, kamusi mkononi kila mstari.

Kanuni zake ni fupi. Ongeza kasi hatua moja, cheza, pima joto, ndipo uongeze nyingine. Umeme unaoingia kwenye prosesa usiuguse. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii inanuka moshi.

Moshi huo anaujua. Mwaka jana mama yake, Mbuke, alikuja kutoka Kolandoto na kitambaa alichokifuma mwenyewe, kama vile vinavyofunika redio sebuleni. Mageni alipokwenda sokoni, mama akaifunika kompyuta ikiwa inafanya kazi, matundu yote ya hewa yakazibwa. Akiba ya miezi saba ikaungua.

"Aliniambia, 'Mashine ya gharama hivi unaiacha uchi, na vumbi lote hili?' Nilisema wabeja, asante mama, nikasingizia umeme." Anacheka, huku machozi yakimlengalenga.

Saa nane na dakika ishirini gari linasimama katikati ya kona. Limeganda. Mwandishi wa makala haya, aliyekuja kuandika tu, anajikuta anatafuna kalamu.

"Ongeza umeme kidogo," anasema Dhaval. "Mteja anataka mia nne hamsini."

"Siongezi." Mageni anaizima, anaiwasha, anaishusha hadi 374. "Hii inakwenda Geita, Dhaval bhai. Siuzi kitu ninachokiogopa. Kama kona unainyima, inyime."

Anaanzisha mchezo upya. Dhaval anainua simu na kumweleza mteja wa Geita kasi ya kweli. Mteja anagombana naye, anapunguziwa bei, anakubali.

Saa kumi na moja gari bado linakimbia. Dhaval anachukua futikamba na kuanza kupima kona.

"Mita moja na nusu. Inatosha?"

"Kwa kuanzia," anasema Mageni, ambaye mwakani anataka kuunda kompyuta kumi. "Na mia nne hamsini nitaifikia, ila kwa feni kubwa, siyo kwa kumwomba Mungu mchana kutwa."