Msichana wa Kiwanda cha Nguo

Mwaka wa pili tangu tutoke Unguja kuja Maskati, mume wangu alipata ukarani kwenye kampuni ya mafuta. Siku moja alirudi na kasha la vitabu vya hadithi vya Kimarekani, vya jalada laini, alivyoviacha mhandisi mmoja aliyekwenda zake kwao. Mimi nilisoma skuli Unguja, Kiingereza nakijua, na tangu tufike sikuwa nimeona duka la vitabu. Nilikaa pale pale mlangoni nikaanza kusoma.

Kimoja kilihusu msichana wa zamani huko Marekani, mfumaji katika kiwanda cha nguo. Kila akipokea mshahara alinunua vijitabu vya hadithi vya bei rahisi, vya karatasi mbovu, akawasomea wenziwe katika nyumba waliyopanga. Wakubwa wa kiwanda wakisema vinawaharibu akili.

"Na mimi naona hivyo hivyo," alisema mama mkwe wangu, siku nilipoanza kuwasimulia majirani kwa Kiswahili, baada ya alasiri, huku tukishona kofia. Lakini hakuondoka. Siku ya tatu ndiye aliyeuliza, "Jana tulimwacha wapi?"

Tukafika pale kiwanda kilipoungua, msichana akapanda treni na kifurushi kimoja. Hapo kitabu kikakatika. Kurasa za mwisho zilikuwa zimechanika. Sikuwaambia. Nikatunga: kiwanda kikajengwa upya, msichana akarudi, akakuta chumba chake kama alivyokiacha.

Mama mkwe aliiweka sindano chini. "Muongo we. Hakurudi huyo."

Niliona haya. "Kweli, mama. Kurasa hazimo. Nimetunga."

Sote pale tulikuwa tumeacha nyumba Unguja.

"Basi mshushe mji mwengine," mama mkwe akasema taratibu. "Mpe cherehani. Na vitabu vyake awe navyo, asione upweke."

Mwisho ule tuliutunga siku mbili kwa mabishano. Jirani mmoja alitaka aolewe upesi, mwengine akataka kwanza apate nyumba yake. Mama mkwe hakujua herufi za kizungu, lakini za Kiarabu alizisoma vizuri, akaniomba nimwandikie hadithi yote kwa Kiswahili, kwa khati hiyo. Nikajaza daftari zima.

Asubuhi moja nilimkuta ukumbini, miwani puani, analisoma daftari lile kwa sauti ya chini na kucheka peke yake.

"Mama, chai."

Akanipungia mkono nimwache. Chai ikapoa.