Mguu wa Kazadi

Nilipokuwa mtoto wa miaka kumi na miwili, kiwanja cha mpira cha kijiji chetu kilikuwa kazi ya mikono yangu, na siku ya mechi sikuruhusiwa kukikanyaga.

Kijiji chetu kiko kando ya barabara ya kutoka Likasi kwenda Kambove. Kila Alhamisi wasichana wa darasa la sita tulitolewa darasani kwenda kukata majani ya kiwanja kwa kupekupe, kile chuma chembamba kilichopinda mwishoni. Wavulana walibaki na hesabu zao. Jumamosi tulikwenda kwa wachoma makala, yaani mkaa, tukachota majivu, tukayabeba kwa mabeseni kichwani, tukachora mistari pande zote. Mimi ndiye niliyechora, kwa sababu mkono wangu ulikuwa mtulivu. Juu ya udongo wetu mwekundu majivu yale yalionekana mpaka barabarani.

Mstari ukishakamilika, mwanamke hauruki tena mpaka mechi iishe. Akiruka, anafunga miguu ya wachezaji, na mmoja wao atavunjika. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na Kambo, bibi yetu aliyetulea baada ya mama kufa, aliamini kwa moyo wote.

"Masengo, yale majivu si ya kuchezea," aliniambia kila Jumapili asubuhi. "Ukiruka, mutoto wa watu atavunjika, na weye utalia."

"Lakini Kambo, ni minye nimeyaweka."

"Mupishi anapika chakula cha harusi. Ni yeye anaolewa?"

Tulicheka wote wawili. Siku hizi nikiikumbuka kauli ile sicheki.

Nasi tulipenda mpira. Wageni fulani waliwahi kuleta mipira miwili shuleni, mmoja wa wavulana, mwingine wa wasichana. Tulipigwa picha na wa kwetu, mimi nikiwa katikati nimeukumbatia. Gari la wageni lilipoondoka, direkteri, mkuu wa shule, aliufungia kabatini, akasema usije ukachafuka. Tukarudi nyuma ya vyoo na mpira wetu wa mifuko ya plastiki. Mpira unaochafuka!

Direkteri huyo ndiye pia aliyefundisha timu. Nusu ya wachezaji walikuwa wanafunzi. Nusu nyingine walikuwa vijana walioacha shule na kuchimba malakita, lile jiwe la kijani lenye shaba. Kaka yangu, yaya Ilunga, alikuwa mmoja wa wachimbaji hao. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Huko mashimoni pia wana sheria yao: mwanamke akikaribia, malakita inakimbia chini ya ardhi. Nilikua nikiamini kwamba mwili wangu unafukuza vitu.

Mwaka ule, mwishoni mwa mvua, tulikuwa tunakata majani kwenye kona ya kiwanja karibu na kichuguu kikubwa. Udongo ukaanza kulia chini ya miguu yetu kama ngoma iliyolegea. Rafiki yangu Kapinga akakanyaga, mguu ukazama mpaka gotini. Tulimvuta, tukakimbia kwa direkteri.

"Direkteri, kule kwenye kona udongo unalia," nilimwambia.

"Unalia? Basi muubembeleze." Walimu wenzake wakacheka. "Kazi yenu ni majani. Mambo ya kiwanja mutuachie."

Jioni nilimwambia yaya Ilunga. Alikuwa anakula, na tonge la bukari, ugali wetu, likasimama njiani kabla ya kufika mdomoni.

"Ulimwambia direkteri?"

"Ndiyo."

"Akasema nini?"

"Alicheka."

Akapumua, akachovya tonge kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. "Usiende kule tena. Malakita ikiona mwanamuke, inakimbia."

"Malakita gani, yaya? Kule ni kona ya mpira."

"Kula."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, vijana wa Kambove walikuja kucheza nasi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Mimi nilisimama nje ya mstari na ndoo ya maji ya kunywa. Wetu aliyetegemewa alikuwa Kazadi, kijana wa miaka kumi na saba, mpole, ambaye hakuwahi kushika sururu maishani mwake. Mguu wake wa kushoto ulijulikana mpaka Kikula, kule mjini Likasi.

Kipindi cha pili mpira ulikwenda kwenye kona ya kichuguu. Kazadi aliufuata, na nyuma yake alikuja yaya Ilunga. Nikamwona kaka yangu anasimama ghafla. Mkono ameuinua nusu, mdomo wazi, sauti haitoki. Hapo nilijua kwamba anajua.

Niliitupa ndoo nikaruka mstari. "Kazadi, simama! Shimo! Shimo!"

Aligeuza kichwa kunitazama, na ardhi ikaumeza mguu wake wa kushoto mpaka pajani. Mfupa ulilia kama mti mkavu wa muhogo unaovunjwa gotini.

Kabla hata hajatolewa, sauti ilipanda: "Masengo ameruka mustari! Batu bote bameona!"

Ilikuwa sauti ya kaka yangu.

Walipomtoa Kazadi niliinama nikachungulia. Ndani kulikuwa na nguzo ya mti, gunia lililochanika, na kuta zenye chembe za kijani. Njia ilitoka chini ya kichuguu, mahali palipofunikwa kwa matawi. Watu wengine walichungulia pia. Wachezaji kadhaa walitazama viatu vyao. Nafikiri kila mtu mwenye macho alielewa kwamba vijana wetu walikuwa wanachimba chini ya kiwanja chao wenyewe.

Kazadi alipelekwa Likasi kwa pikipiki, amefungwa mguu kwa vipande vya ubao. Kesho yake mimi nilizuiwa mlangoni mwa darasa.

"Hutaingia," alisema direkteri, "mpaka usimame mbele ya timu na wazazi, umwage maji juu ya mstari, useme kwamba ni wewe: minye njo nilivunja mguu wa Kazadi. Halafu yataisha."

Mtihani wa kumaliza shule ya msingi ulikuwa umebaki wiki chache. Nilitaka sana kuufanya. Nilitaka kuwa mwalimu, nisimame mbele ya ubao na chaki, mgongo wangu ukijua kwamba watoto wananisikiliza.

Kambo alinishauri nikubali. Alikuwa anatwanga sombe, na hakuacha kutwanga alipokuwa akisema.

"Sema tu, mwanangu. Maneno ni mate, yanakauka."

"Kambo, weye unaamini ni minye?"

Mchi ulipanda, ukashuka. "Ninaamini ulivuka. Na shimo nimeliona." Ukapanda tena. "Minye ninataka usome."

Sikumchukia kwa hilo, na hata leo simchukii. Imani yake ilikuwa ya woga kwa watoto wa watu. Kuhusu direkteri sijui aliamini nini. Ninajua tu kwamba tulimwambia habari ya kona ile, na kwamba siku ambayo ningesema "ni mimi", hakuna mtu ambaye angemwuliza kwa nini alicheka.

Siku ilifika. Beseni la maji liliwekwa kwenye kona. Watu walisimama nusu duara, yaya Ilunga akiwa nyuma ya wenzake. Nililishika beseni.

"Minye niliruka mustari," nilisema. "Niliruka sababu nilitaka Kazadi asimame. Mguu wake ulivunjwa na shimo. Shimo halikuchimbwa na mwanamuke. Waliolichimba wako hapa."

Mama mmoja alipiga yowe la mshangao kisha akalimeza. Kijana mmoja akasema, "Angalia hii kamudomo!" Wengine wakacheka kidogo, kicheko cha watu wanaotaka kwenda nyumbani. Nilimtazama kaka yangu. Akainama kufunga kamba ya kiatu.

"Ondoka," direkteri aliniambia. "Na daftari zako usirudi nazo shuleni."

Nililiweka beseni chini bila kumwaga hata tone, nikaondoka. Wiki ileile wachezaji walibeba mawe, wakalijaza shimo, wakashindilia. Hawakuimba, hawakuita mtu. Kama mguu ule niliuvunja mimi kwa kuruka majivu, kwa nini walibeba mawe?

Wenzangu walifanya mtihani, Kapinga akafaulu. Mimi nilipelekwa Kikula kwa shangazi, na mpaka leo ninakaanga vitumbula, maandazi ya mviringo, sokoni pamoja naye. Nina miaka kumi na minane. Ninasoma kila karatasi ninayofungiwa chumvi.

Mwaka jana yaya Ilunga alipita kutusalimia. Nilimpikia. Aliniambia Kazadi anachechemea kidogo tu, na ana mtoto. Alipokaribia kumaliza kula alinitazama vidole, ambavyo mafuta yameviunguza.

"Ungesema tu yale maneno," alisema, "leo ungekuwa unasomea ualimu."

"Na weye, yaya? Ungesema tu?"

Aliosha mikono. Maji yalikuwa safi, lakini aliosha muda mrefu.

Nimekufikiria kuosha kule mara nyingi. Sijutii, ingawa kuna asubuhi ninapoona watoto wenye mashati meupe wakipita, ninageuka nitazame sufuria. Kinachonichoma si kwamba watu wetu wanaogopa majivu. Kinachonichoma ni kwamba pale kwenye kona kulikuwa na wanaume wazima, na direkteri, na kaka yangu wa miaka kumi na tisa, na kijiji kizima kilisimama kikingoja ukweli wao ubebwe na mtoto wa miaka kumi na miwili, kisha kikamwambia aondoke.