Fundi Cherehani na Wenzake wa Alhamisi

Mumewe alipotelea vitani, miaka tisa sasa, na siku hizi fundi cherehani hufunga kazi mapema kila Alhamisi na kuwapokea wanawake wenzake ambao waume zao hawajulikani walipo. Huwafundisha kushona, pini kazibana midomoni, vidole vikinyoosha hata pindo lililonyooka. Juzi mgeni mmoja alianza kujitambulisha, akakwama. "Dada, niseme mume wangu ni fundi bomba, au alikuwa?" Fundi akatoa pini mdomoni. "Sema unavyoweza leo, mdogo wangu. Kesho ukibadilisha, hapa hakuna atakayekuuliza." Mgeni akalia weee, kisha akaomba uzi. Walipoagana, fundi aliwashika mikono mmoja mmoja. "Ahsanteni kwa kuja," aliwaambia. "Mwaka ule wa kwanza bila mume wangu nilikuwa naongea na ukuta."