Kilatini cha Turffontein na Majina ya Nyumbani

Siku yangu ya kwanza kazini, Padri Paroko wa Lubumbashi alinikabidhi ufunguo wa sakristia, kile chumba cha nyuma ya altare kinachotunza vyombo vya misa, halafu akanipa ndoo na kitambaa. "Msakristia akifanya kazi vizuri hakuna anayemkumbuka," akasema. "Ukisikia jina lako limetajwa kanisani, ujue kuna kitu umesahau." Nikaliweka neno hilo moyoni miaka yote.

Aliyenifundisha kazi ni msakristia mzee niliyempokea zamu. Alinionyesha kwamba makaa ya chetezo, kile chombo cha kufukizia ubani, huwashwa mapema yawe mekundu kabla padri hajavaa. Alinifundisha kupiga pasi kanzu za altare bila kuacha kunyanzi. Na alikuwa akiimba Kilatini tangu asubuhi, ingawa misa ilishahamia Kiswahili. Kyrie, Gloria, Sanctus, nilizimeza zote nikiwa nimeshika pasi.

Nilipofika Johannesburg nililinda kwanza geti la maghala huko Midrand. Baadaye nikapata sakristia ya Randburg, misa za Kiingereza tupu, na Paroko aliyetazama saa kuliko msalaba. "Sharp, sawa baba, twende," ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu yote. Ndipo nikaitwa Turffontein, penye misa ya Kiswahili kila Jumapili saa mbili asubuhi. Nilifurahi kama bwana harusi.

Kumbe naingia vitani! Watanzania walikuja na kitabu chao cha misa, sisi Wakongo na chetu. Padri akisalimu, nusu ya kanisa inajibu hivi, nusu vile. Baba Yetu moja ilimalizika mara mbili. Wao walicheka Kiswahili chetu, sisi tukasema chao ni cha mtangazaji wa redio. Kwenye kamati ya parokia nikasimama kwa maringo yangu yote, nikasema turudi Kilatini, maana hakina mwenyewe, hakuna wa kumcheka mwenzake.

Paroko wetu mpya, kijana mwenye haraka, alipiga meza. "Mzee Kalenga, nakupa wiki sita. Pentekoste misa nzima iwe ya Kilatini. Watu wakiikubali, ya Kiswahili tunaifunga."

Nyumbani mke wangu, Mama Feza, mtu wa Bukavu, alinisikiliza mpaka mwisho. "Papa Kalenga, unajisikia unavyosema?" akaniuliza. "Mtaani Kizulu. Dukani Kiingereza. Humu ndani wajukuu wananijibu 'yebo, gogo' badala ya 'ndiyo, bibi'. Nimebakiwa na misa moja tu kwa juma ya kusikia lugha yangu, na anayeninyang'anya ni mume wangu?" Aliniwekea bukari, ugali wetu wa Kongo, mezani bila neno lingine, na wiki sita zikapita hivyohivyo. Iliniuma, sifichi. Lakini kichwa changu kigumu.

Tukaanza mazoezi. Eish, nikwambieni, sikuamini masikio yangu! Wazee wa Tanga na mafundi cherehani wa Lubumbashi waliketi benchi moja wakifuata mkono wangu. Mjukuu wangu Grace, ambaye Kiswahili hakimtoki mdomoni kwa kuogopa kuchekwa, alishika Gloria kwa juma moja. "Kilatini hakuna anayenicheka, babu," akaniambia. "Wote hatujui."

Pentekoste kanisa lilijaa mpaka mlangoni. Gloria ilipopanda, nilisimama kwenye mlango wa sakristia machozi yakinitoka. Nikamwona Grace na bibi yake wanaimba mstari uleule, kwa pamoja, kwa mara ya kwanza maishani mwao. Nikasema moyoni, nimeshinda.

Yakafika maombi ya waamini. Sasa, misa yetu ina desturi yake: hapo kila mwenye mtu nyumbani husimama na kumtaja jina, wa Bukavu, wa Uvira, wa Kigoma, na kanisa lote linaitikia. Wengi wetu tuna ndugu walioko kwenye vita. Mimi, kwa haraka ya kutaka Kilatini kitimie, nilikuwa nimeyafuta majina yote na kuweka sala moja ndefu kwenye karatasi. Msomaji akaisoma. Akakunja karatasi. Watu wakatazama viatu vyao.

Mama Feza akasimama. "Namwombea mdogo wangu Zawadi," akasema kwa Kiswahili. "Siku nane simu yake haipatikani. Ee Bwana."

"Twakuomba utusikie!" Hapo hapakuwa na kitabu cha Kongo wala cha Tanzania. Paa lilitikisika. Akasimama wa pili, wa kumi, na Paroko akaweka mikono kifuani akangoja hadi mtu wa mwisho.

Baada ya misa alinikuta nikikausha kalisi, kikombe cha divai ya misa. "Mzee, tumefaulu au tumeshindwa?"

"Tumefaulu, Padri. Nyimbo tuimbe Kilatini. Masomo na majina uyaache kwa Kiswahili, na misa usiifunge. Kosa lilikuwa langu."

Akacheka, akakubali. Jioni ile Mama Feza aliniongezea nyama bila kuombwa. Zawadi alipiga simu Alhamisi.

Kwa hiyo vijana, mkiniuliza kama Kilatini kirudi, jibu langu ndilo hilo, na misa ya saa mbili ingali hai mpaka leo. Ufunguo nimeshaurudisha. Sasa naketi benchi la tatu na magoti yangu mabovu.

Jumapili iliyopita, saa ya majina, Grace alisimama. Kiswahili chake kilikuwa kimevunjikavunjika, na hakuna aliyecheka.

"Naomba kwa babu yangu, Kalenga. Magoti inamuuma. Ee Bwana."

Kanisa lote likaitikia. Miaka yote ile sikuwahi kutajwa, na safari hii nilijua hakuna nilichosahau.