Tumeshinda, Amepoteza

Fainali niliitazama kwenye hoteli moja pale Salgaa, katikati ya madereva wa malori. Siku ya nusu fainali sote tuliimba, "Tumeshinda!" Sasa timu yetu ya taifa ilikuwa imefungwa bao moja, na kipenga cha mwisho kilipolia, dereva mmoja akasema, "Amepoteza." Alimaanisha kocha.

"Afutwe leo leo!" mwingine akadakia, yule yule ambaye siku ya nusu fainali alikuwa akimwita "kocha wetu".

Nikawaka. "Amepoteza peke yake? Nyinyi mlikuwa wapi?"

"Mzee, kunywa chai," wakanijibu, wakacheka.

Kwenye runinga kocha alisimama peke yake, wachezaji wakimpita kama mtu wasiyemjua. Kusimama hivyo nakujua. Mke wangu alipolazwa Nakuru, ukoo mzima ulikuwa ukiuliza, "Mgonjwa wetu anaendeleaje?" Tulipomzika tu, akawa "bibi yako", na maswali yakawa kwa nini sikumpeleka hospitali mapema.

Nilirudi kwangu Dundori, nikafungua mlango, nikasema kwa sauti, "Tumefungwa."

Hakukuwa na wa kuniuliza ngapi kwa ngapi.