Dada wa Nyuma ya Pazia

Wiki iliyopita nilimkuta binti yangu sebuleni, hapa kwetu Ilemela, anacheka peke yake na simu. Nikachungulia. Alikuwa kwenye mchezo ambao watoto wa nchi mbalimbali hukutana kama wageni wa harusi, kila mmoja na umbo alilojichagulia: huyu ana mabawa, yule kichwa cha paka. Binti yangu alikuwa amekaa na mrembo wa nywele za zambarau, wanaandikiana mambo ya shuleni.

"Huyu ni nani?"

"Rafiki yangu, mama."

"Anaitwa nani hasa?"

"Sijui. Ila ananisikilizaga sana."

Sikumgombeza. Nilikaa kwenye kochi, na mawazo yakanirudisha Kirumba, kando ya ziwa, miaka ya tisini, nikiwa darasa la tano.

Kama ulikulia mjini wakati ule, rafiki yangu, utakumbuka jinsi vitu vilivyofurika ghafla: mitumba, redio kaseti, sabuni zenye harufu ya maua. Jirani yetu, mama mjane aliyeanika dagaa kwenye miamba nyuma ya nyumba, alipata televisheni na mashine ya gemu. Sebule yake ikawa kijiwe cha watoto. Tulikaa kwenye mkeka, tukinuka jasho na vumbi la shule, sufuria ya mihogo ikichemka nje. Mchezo ulikuwa wa kupigana, na kila mtu alikuwa na mtu wake kwenye kioo. Mimi nilikuwa jitu lenye upara. Hata barabarani waliniita Upara.

Bingwa hatukumwona. Alikaa chumba cha ndani, chenye giza, nyuma ya pazia jepesi. Fundi redio alikuwa ameunga waya wa pedi, kile kidude cha kuchezea, ukapita chini ya pazia. Yeye alituona, sisi hatukumwona. Siku zote alichagua binti wa gauni jekundu, basi tukamwita Dada. Hakusema neno.

"Ni mgeni wangu, ana aibu," jirani alisema. "Mwacheni acheze."

Tukaamini ni msichana mkubwa kutoka kijijini. Na kwa kuwa hakujibu, tulimwambia kila kitu. Zaidi tulimsema mwalimu wetu wa hesabu, ambaye fimbo yake ilikuwa haipumziki. Rafiki yangu mmoja alilia pale mkekani: alichapwa kwa kuchelewa, kumbe alfajiri alikuwa mwaloni, sokoni kwa wavuvi, akimsaidia mama yake kubeba dagaa. Wiki iliyofuata alichelewa tena, na mwalimu akamwambia tu, "Kaa." Tulishangaa, tukasema labda anaumwa.

Bibi yangu alizoea kutuonya: "Ukiwa kwenye nyumba ya mwenzio, pima mdomo wako." Sikupima. Siku moja, nimechapwa mbele ya darasa zima, nilisema kwa sauti, "Yule hana mtoto, ndiyo maana hana huruma. Mungu alijua kumnyima."

Wenzangu wakacheka. Kwenye kioo, Dada akasimama wima. Jitu langu likampiga, likampiga, hakuinua hata mkono. Nikashangilia. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumshinda.

Siku chache baadaye, mchana, mvua ilitokea ziwani bila kubisha hodi. Jirani akapiga ukunga, "Dagaa wangu jamani!" Mimi nilikuwa karibu na mlango. Nikatoka mbio hadi kwenye miamba, nikazoa dagaa kwa mikono miwili hadi beseni likajaa, nikapita mlango wa uani kuliingiza ndani. Nikasukuma mlango wa kile chumba.

Kwenye kigoda alikaa mwalimu wa hesabu. Miguu peku, fulana ya ndani, pedi mikononi.

Beseni liliniponyoka. Dagaa wakamwagika hadi kwenye vidole vya miguu yake. Mdomo ukafanya ulichofundishwa: "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

Sebuleni mtoto alipiga kelele, "Dada, kwepa! Utakufa!" Mwalimu akaweka pedi chini polepole. Akainama, akaanza kuokota dagaa, mmoja mmoja. Nami nikainama. Nilingojea kofi.

"Nilikuwa naye," alisema, bila kuniangalia. "Wa kike. Homa ilimchukua. Angekuwa darasa lenu."

Nilitaka kusema samahani. Badala yake nikamsogezea beseni. Tulimaliza kuokota, akafungua mlango wa uani, akatoka kwenye mvua vile vile peku.

Kumbe alikuwa shemeji wa jirani yetu, na pale ndipo alipopumzikia upweke wake. Hakurudi tena. Wenzangu walingoja siku nyingi, wakauliza Dada amekwenda wapi, jirani akajibu mgeni amerudi kwao. Mimi nilinyamaza. Darasani hakunichapa tena, wala hakuniuliza swali, na hilo liliniuma kuliko fimbo. Muhula uliofuata alihamishiwa shule ya kwenye visiwa vya ziwani.

Nyumba ile ilivunjwa zamani, jirani alishazikwa, na miamba ya kuanikia imejengwa ukuta. Nilipokuwa mtu mzima nilivuka kwenda visiwani kumtafuta. Walimu niliowakuta walikuwa vijana. Walinikaribisha kiti, wakaniuliza jina lake kamili, na hapo ndipo nilipotambua kwamba sikuwahi kulijua. Tulimwita Mwalimu tu.