Kikombe cha Kwanza

Muuza kahawa wa stendi ya Chamwino hamruhusu mteja kumaliza kikombe. Ukikaribia chini, vidole vyake vyenye masizi vinakuwa vimeshafika: "Machicha ni yake hayo, ndugu yangu, usimdhulumu." Asiyetakiwa kudhulumiwa ni mti wa kahawa, mmoja tu, aliouotesha nyuma ya kibanda, kwenye jua ambalo hata mbuzi hulikimbia. Maganda anayopepeta huwa moto wa kukaangia. Majivu ni ya mti, machicha ni ya mti, hata maji ya kusuuzia vikombe. Penina, jirani yake wa vitumbua, husonya kila akisikia, lakini naye humpelekea maji yake ya kunawia, maana aliahidiwa kikombe cha kwanza siku mti ukizaa.

Mwaka huu mti ukazaa matunda ya kujaa kiganja. Akayakausha, akayatwanga, akazikaanga buni kwa moto wa maganda yake yenyewe, akazisaga na kuzichemsha. Penina akaja amejifunga kitenge cha kanisani, kikombe mkononi. Muuza kahawa akainua birika, akanusa, machozi yakamlengalenga. Kisha akageuka, akaipuliza kahawa ipoe, akaimimina yote shinani taratibu, kama anayemnywesha mgonjwa.

"Nisamehe, mama. Miaka yote hii anaambulia machicha tu."

"Na mimi je?" Penina akafoka, akimwinulia kikombe kikavu. Lakini kahawa ilishaanza kutiririka kuelekea njiani, na kabla hasira hazijamwisha, alikuwa amepiga magoti na kitenge chake, anakusanya udongo kwa viganja kuizuia isimpotee mwenyewe, yule mti.